Barbara maana yake Mugeni

Kila mwaka, mwezi wa 12 ukiingia, kuna jina moja la mwanamuke lenye linatembea mu migodi ya dunia. Wafaransa na Wabelgiji wanamuita Sainte Barbe. Wajerumani na Waitalia wanasema Barbara, Wacheki wanasema Barbora, watu wa Hungaria Borbála, watu wa Sweden Barbro, Warusi Varvara. Tarehe 4 njo siku yake. Siku ile, mu inchi nyingi, wachimbaji wanavaa nguo zao safi, wanaenda ku misa ama ku meza, wanakunywa pamoja, na wanakumbuka wenye walibakia chini. Watu wa Poland, wenye kuchimba makaa toka zamani, sikukuu yenyewe wanaiita Barbórka: Barbara mudogo, jina la kupendeza, sawa vile sisi tunafupisha jina la mutoto wakati tunamubeba.

Tunataka kuongea juu ya jina lile. Hatutaki kumuhubiria mutu dini. Kati yetu kuko Wakatolika, Wametodisti, Wakimbangu, Waislamu, watu wa makanisa ya uamsho, na kuko wenye hawaende popote. Tunaongea juu jina lile liko na maana, na maana yake inatuhusu sisi watu wa shaba kuliko watu wengi wa dunia hii.

Tuanze na kutosha makosa mawili yenye tunasikia kila mara. Mu Kifaransa barbe ni ndevu, basi watoto wa masomo wanacheka: "Mutakatifu wa Ndevu." Mu Kiswahili nako, Barbara inasikilika sawa barabara, ama balabala, vile tunasema mu sité. Binti wa jina hili anakula mateso ku wenzake: "Weye Balabala, tupite wapi?" Ni mchezo, lakini maneno haya matatu hayana undugu. Ndevu ya Wafaransa inatoka mu Kilatini, barba. Barabara yetu iko na njia yake. Jina Barbara linatoka mu Kigiriki, na ku mwanzo lilikuwa tusi, ama karibu tusi.

Namna Wagiriki walisikia watu

Wagiriki wa zamani, wakati walisikia mutu wa inchi ingine anaongea, masikio yao hayakukamata kitu. Walisikia tu bar-bar-bar, sawa vile sisi tunasema mutu anasema "blablabla". Basi mutu wa vile wakamuita barbaros: mwenye kusema bar-bar. Wahindi wa zamani nao, mu Kisanskriti, walikuwa na neno barbara kwa mutu mwenye kigugumizi na kwa mutu wa kabila ingine. Inaonyesha kama sikio la mutu, mahali pote, linafanya vile vile: luga yenye hatujui, tunaisikia sawa makelele.

Ku mwanzo neno halikuwa na sumu mingi. Barbaros alikuwa mutu mwenye hasemi Kigiriki, basi. Wamisri waliitwa barbaroi, na Wamisri walijenga piramidi mbele Wagiriki hawajajua kuandika. Waajemi waliitwa barbaroi, na mufalme wao alitawala inchi kubwa kupita miji yote ya Wagiriki. Lakini kisha vita kati ya Wagiriki na Waajemi, kati ya mwaka 490 na mwaka 479 mbele ya Yesu, neno likageuka. Barbaros akakuwa mutu wa chini, mutu mukali, mutu wa kutawaliwa. Waroma wakalipokea vile. Kutoka kwao Wafaransa wakapata barbare, Warusi wakapata varvar. Waarabu nao wakaita watu wa kaskazini ya Afrika barbar, na Wazungu wakasema Berbères, lakini wenyewe wanajiita Imazighen. Jina la kupewa na jirani si kila mara jina la mutu.

Sasa, barbaros ni ya mwanaume. Ya mwanamuke ni barbara. Mwanamuke mugeni. Wagiriki walikuwa na desturi ya kuita watumwa wao kwa jina la inchi kwenye waliwatosha: Syros, Musiria; Thratta, mwanamuke wa Thrakia. Kumuita mwanamuke Barbara ilikuwa mu njia moja na majina yale: "huyu si wetu."

Na mwenye kushangaa juu ya Varvara ya Warusi, tumupe jibu: mu Kigiriki cha nyuma, herufi yenye zamani ilisomwa b ikaanza kusomwa v. Warusi walipokea dini yao kutoka kwa Wagiriki wa wakati ule, na jina likafika kwao na v. Mu Lebanoni na Palestina, Wakristo wanasema Burbara, na siku yake wanapika ngano na sukari, chakula chenyewe kinaitwa burbara. Jina moja, kila luga imeliosha mu maji yake.

Binti, baba na radi

Sasa habari ya binti mwenyewe. Wazee wa kanisa wanaelezea kama Barbara alikuwa binti wa mutajiri mumoja, Dioscorus. Wengine wanasema ilikuwa Nikomedia, leo İzmit mu inchi ya Uturuki. Wengine wanasema Baalbek mu Lebanoni. Baba alimufungia mu munara juu wanaume wasimuone. Munara ulikuwa na madirisha 2. Binti akaomba wafungue la 3, juu alikuwa amekubali dini ya Baba, Mwana na Roho. Baba akakasirika. Binti akakimbia, na jiwe likafunguka likamuficha. Wakamukamata. Mwishoni baba mwenyewe akamukata kichwa na mukono wake. Njiani ya kurudi ku nyumba, radi ikamupiga baba, akabakia majivu.

Kama ni historia ama ni hadisi? Mwaka 1969 kanisa la Roma lenyewe lilimutosha mu kalenda ya sikukuu za dunia nzima, juu hakuna maandiko ya kweli ya wakati wake yenye kuonyesha maisha yake. Jina lake lilibakia tu mu kitabu cha wafia dini. Lakini wachimbaji hawakutosha kitu. Tarehe 4 ilibakia tarehe 4.

Kwa nini wachimbaji? Angalia hadisi, utaona ni kazi yetu yote. Kuko jiwe lenye linafunguka na lenye linafunga mutu ndani. Kuko moto wenye unakuja bila kubisha hodi. Wachimbaji wa feza, ile ya kung'aa, mu muji wa Kutná Hora, mu inchi ya Wacheki, walianza kumujengea kanisa mwaka 1388. Kazi ilisimama mara mingi, ikaisha mwaka 1905. Kisha baruti ikafika. Mwaka 1627, mu Banská Štiavnica, mu Slovakia ya leo, walipasua mwamba wa mugodi na baruti. Ni moja ya mara za kwanza zenye ziliandikwa mu Ulaya. Mwenye anatumika na baruti anaogopa radi, na mwenye anaogopa radi anamuita Barbara. Hata mu mashua za vita za Wafaransa, chumba cha kuweka baruti kiliitwa sainte-barbe. Na mu Uswisi, mu kuchimba njia ya treni chini ya mulima Gotthard, yenye kilometre 57 na yenye ilifunguliwa mwaka 2016, sanamu yake ilisimama ku mulango wa shimo. Mainjinia wenye kompyuta walipita mbele yake kila siku.

Basi hapa njo tunafika ku neno letu. Watu wa kazi ya hatari kupita zote walijichagulia mulinzi, na mulinzi anaitwa Mugeni. Anaitwa Mwenye-kusema-bar-bar. Hawakumupa jina ingine, hawakulisafisha. Tusi la Wagiriki limekuwa jina la heshima ku mulango wa shimo. Tunafikiri haikutokea bure. Mugodi, mu dunia yote, ni kazi ya wageni.

Watu 12 mu shimo moja

Tuchukue mufano wa Ubelgiji, inchi yenye tunajua juu ilikuja kwetu. Kisha vita ya 1940-1945, Wabelgiji hawakutaka tena kushuka mu makaa. Mwaka 1946 serikali yao ikapatana na serikali ya Italia: Italia itatuma wanaume, Ubelgiji itauzishia Italia makaa. Wanaume wakafika na treni. Wengi walilala mu mabaraki ya mabati yenye zamani walifungia wafungwa wa vita. Mu muji waliitwa "makaroni". Luga yao ilisikilika bar-bar.

Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 1956, ku Bois du Cazier, Marcinelle, ku metre 975 chini, wagoni moja iliwekwa mubaya mu kizimba cha kupandisha. Watu wa chini na watu wa juu hawakuelewana juu ya saa ya kupandisha. Kizimba kikapanda, wagoni ikakata bomba la mafuta na kamba za umeme, moto ukawaka. Watu 262 wakakufa. Kati yao 136 walikuwa Waitalia, 95 Wabelgiji. Wote pamoja walitoka mu mataifa 12. Kulikuwa sababu mingi, hatutaki kusema ni luga tu. Lakini mwanzo wake ilikuwa neno lenye halikufika: mutu wa chini alifikiri hivi, mutu wa juu alifikiri vile. Mu ofisi, kukosa kuelewana kunaleta hasira. Mu shimo, kunaleta jeneza.

Na sisi, neno letu liko

Mutu asiseme: "Ile ni mambo ya Wagiriki na Wazungu." Sisi nasi tuko na barbaros yetu. Neno mushenzi lilifika mu inchi hii na misafara ya biashara kutoka pwani. Watu wa pwani waliita vile watu wa bara, wenye hawakuwa na dini yao na desturi zao. Wabelgiji wakalikuta, wakalipenda. Likakuwa basenji, na mu wakati wa koloni mutu wa muji alitukana nalo mutu wa kijiji. Hata imbwa yetu ya kuwinda, yenye hailie, Wazungu waliipeleka ku Ulaya na jina lile: basenji. Bar-bar yetu wenyewe, tunaijua vizuri.

Na luga yenye unasoma sasa hii ilitoka wapi? Haikuzaliwa hapa. Katanga ilikuwa na Kisanga, Kiluba, Kilunda, Kibemba, Kiyeke na zingine. Kiswahili kilikuja na wageni: na watu wa misafara, na Wayeke wa M'siri wenye walitoka upande wa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo. Kisha, mwaka 1906, Union Minière ikaundwa. Ikatafuta mikono Rhodesia ya Kaskazini, yenye leo ni Zambia. Ikatafuta mu Lomami na Kasai. Toka miaka ya 1920 ikatafuta mpaka Rwanda na Burundi. Wakatiwa mu kambi moja, mulango ku mulango, mposho moja, king'ora kimoja. Kila mutu alikuwa bar-bar kwa jirani yake. Kiswahili hakikuwa cha mutu, njo maana kikaweza kuwa cha wote. Wake zao walikisema ku bomba la maji, watoto wakakisema ku mupira, na leo wajukuu wanakiita luga ya mama.

Sikiliza tena neno mugeni lenyewe. Mu Kibemba ni mweni. Mu Tshiluba ni mwenyi. Sikio linasikia kama ni neno moja lenye limevaa nguo tofauti. Na mu Kinyarwanda na Kirundi, umugeni ni bibi arusi: mwanamuke mwenye anaingia mu lupango lenye hajui, na kesho yake njo mama wa nyumba. Wababu wetu hawakusema bar-bar. Walikuwa na neno lenye liliweza kuishia ku arusi.

Tena wageni wale walijua kusimama pamoja. Mwezi wa 12 mwaka 1941, watumishi wa Union Minière waliacha kazi juu ya mushahara, wakati bei za vita zilikuwa zinapanda. Tarehe 9, siku 5 tu kisha Sainte Barbe, mu uwanja wa mupira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, maaskari walipiga risasi. Kati ya wenye walikufa kulikuwa Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anaongea kwa ajili ya wenzake. Risasi hazikuuliza mutu kama ni wa inchi ama ni mugeni.

Bilulu

Lakini tusifiche yenye tulifanya kisha. Mwaka 1992 na 1993, mu Likasi, mu Kolwezi na miji ingine ya shaba, watu wenye mizizi yao ilikuwa Kasai walifukuzwa mu manyumba. Wengi walizaliwa hapa. Baba zao walizaliwa hapa. Walilala ku gare miezi, wakingojea treni ya kwenda inchi yenye hawakuijua, na kuko watoto na wazee wenye walikufa mu kungojea. Neno lenye lilitumika juu yao lilikuwa bilulu, wadudu. Barbaros angalau ni mutu.

Migodi ilipata nini? Miji ya shaba ilipoteza walimu, manganga, mainjinia, mafundi wa mashini, watu wenye walijua kila bomba na kila kamba. Gécamines ilikuwa tayari inaanguka, Kamoto ilikuwa imeporomoka mwaka 1990. Haikuinuka juu tulifukuza jirani. Mushahara haukufika juu nyumba ya pembeni ilibaki wazi.

Tunasema haya leo juu tunasikia tena maneno. Vijana wa Kasai wanashuka na treni na malori kutafuta kazi mu Lubumbashi na Kolwezi, na mu karieri tunasikia: "Warudi kwao." Tunajua hasira inatoka wapi. Mutoto wa inchi ameona kilima cha babu yake kikifungwa na ukuta na kamera. Ameomba kazi, amejibiwa kama nafasi imeisha, kisha anaona mutu wa mbali anaingia. Hasira ile iko na haki yake. Lakini aipeleke mahali pake: ku wenye wanatoa leseni, ku wenye wanaandika mikataba, ku kampuni yenye inaahidi masomo na maji na haileti, ku wakubwa wenye wanakula feza ya kijiji. Kijana mwenye anachimba na nyundo pembeni yako, mwenye alikula mara moja toka jana, hakuandika mukataba wowote. Kumufukuza yeye hakubomoe ukuta.

Bar-bar inaenda pande mbili

Tena kuko upande mwingine. Mu kampuni nyingi leo, mukubwa anasema luga moja, kapita anasema ingine, mutumishi anasema Kiswahili. Watumishi wanatulalamikia mara mingi: karatasi ya usalama iko ku ukuta, lakini iko mu luga yenye hawasome. Muzungu ama Muchina mwenye anatuangalia tukiongea anasikia nini? Bar-bar-bar. Sisi nasi tukimusikia, tunasikia vile vile, na tunamucheka. Kila upande unamuita mwingine barbaros, na mashini iko inazunguka katikati.

Tunaomba kitu kimoja chenye hakipite nguvu ya kampuni hata moja: alama za hatari, sheria za baruti, namna ya kutoka wakati wa moto, ziandikwe mu Kiswahili cha hapa, kile chenye mama anasema ku soko. Na mbele ya kushusha watu, kapita aulize mutu arudilie yenye amesikia, asiridhike na kichwa chenye kinaitika. Watu wa Marcinelle walilipa somo hili. Tusililipe mara ya pili.

Mwanamuke ku mulango wa shimo

Kuko jambo lingine mu jina hili, na wanaume hawalipende. Barbara ni mwanamuke. Mu karieri nyingi, wanaume wanasema mwanamuke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Mwenye mimba asipite. Mwenye iko mu siku zake asipite. Basi mama anabakia chini, mu maji, anaosha mawe, anatwanga, anachagua, mutoto ku mugongo, na feza yake ni ya mwisho kuhesabiwa. Mambo haya si ya kwetu tu. Wachimbaji wa njia za chini mu Ulaya nao waliamini mwanamuke analeta bahati mbaya mu shimo. Na wanaume wale wale waliweka sanamu ya mwanamuke ku mulango, wakamuomba awarudishe wazima!

Hatusemi mwenye mimba aingie mu vumbi na mu maji ya asidi; afya yake na ya mutoto njo ya kwanza, na mutu akimukataza kwa sababu ile, anafanya vizuri. Lakini hiyo ni sababu ya afya. Kusema mawe yanamuogopa ni kitu kingine. Mawe hayajui mwanamuke. Mwenye anajua ni négociant, na anajua sana, juu uchawi ule unamufaidia: mama mwenye hafike ku shimo hawezi kuona uzito, hawezi kuona bei. Amekuwa mugeni mara mbili, mugeni ku kazi na mugeni ku mizani.

Jina la kuandika

Wazee watakumbuka kama mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Ma-Barbe na ma-Barbara, ma-Marie na ma-Joséphine wote, walipotea mu karatasi. Wakabakia mu jikoni, mu midomo ya mama zao. Jina lenye mutu anapenda halifi na amri. Lakini kuko mahali pengine kwenye majina yanakufa leo, na hakuna serikali yenye imeamuru.

Mu mashimo ya wachimbaji wa mukono, watu wanajuana kwa majina ya kucheza: fulani anaitwa kwa muji wake, fulani kwa mupira, fulani kwa kabila, wengine wanaitwa tu "ule wa kule". Shimo linapoanguka, ndugu wanakimbia, wanauliza: nani iko ndani? Hakuna mwenye anajua. Wanajua ni "wa Kasai wawili", "kale katoto ka Malemba". Mama yuko mahali fulani, ku kilometre mia tano, na atangojea simu miaka. Muchimbaji amezikwa sawa vile Wagiriki walimuita: mugeni, basi, bila jina.

Basi ombi letu kwa siku ya tarehe 4 ni dogo. Viongozi wa kooperative, wa timu, wa shimo: nunueni kaye moja. Kila asubui, mbele ya mutu kushuka, andikeni jina lake la kweli, jina la muji wake, na namba ya simu ya mutu wa kwao. Wamama wa ku maji waandikwe vile vile, na kilo zao ziandikwe mbele ya macho yao. Kaye ile ibakie juu, ku mukono wa mutu mwenye hashuki. Haiombe leseni, haiombe mukubwa, inaomba biki na dakika 10. Na mwenye ataona haya kumuuliza mwenzake jina, juu wametumika pamoja mwaka muzima, ajue kama mwenzake anamungojea aulize.

Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe, wazee walisema. Wababu wetu wote walipewa jembe lile hapa, na chuma na nyundo. Kabla ya kumupa kijana mwenye amefika jana, tumuulize anaitwa nani, na tuandike.